Melbourne Iwe Yetu Kabla ya Machi

Desmond Hingston,
Mkulima mstaafu wa viazi,
Ulverstone, Tasmania.
2 Desemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Mipaka ya Jimbo,
Hobart.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA JIMBO LETU KUUASILI MJI WA MELBOURNE

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini u mzima na kwamba paa la ofisi yako halivuji kama la kwangu. Sisi huku pwani ya kaskazini ya kisiwa hatujambo, ila upepo.

Nimesikia serikali inatafuta mawazo ya kulikuza jimbo. Nimekuletea moja, tena bure. Watu wasio na mtoto huasili mtoto wa wengine, na hakuna anayewacheka. Sisi hatuna mji mkubwa, jirani yetu ng'ambo ya maji anao. Naomba tuuasili. Hoja zangu ni hizi:

1. Wenyeji wa Melbourne ni watoto wetu. Kila mwaka tunawapeleka bandarini na masanduku yao, wanasema wanakwenda kusoma miaka mitatu, kisha wanaturudia wakati wa Krismasi wakiwa na maoni kuhusu kahawa. Binti yangu Kirrily alikwenda hivyo hivyo. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Aliyepanda ndiye avunaye, na mimi nimepanda sana.

2. Wenzetu wa bara wana tabia ya kuchora ramani ya Australia na kutusahau. Mwaka jana mke wangu Glenys aliletewa zawadi ya kitambaa cha kufutia vyombo chenye ramani ya nchi nzima, na pale tulipopaswa kuwa sisi pamechorwa kanguru. Tukiwa na Melbourne watatukumbuka tu, wapende wasipende.

3. Mpira wetu wa Kiaustralia. Tumegombania uwanja mmoja mpya mpaka mimi na shemeji yangu hatusalimiani. Melbourne ina timu tisa za ligi kuu na viwanja vilivyokwisha kujengwa. Tuuasili tupumzike.

4. Hali ya hewa yao, ambayo hujisifia kwamba ina majira manne kwa siku moja, ni ya kwetu. Inapita hapa kwanza.

Utaniuliza, mbona si mji mwingine? Nimepima yote, Mheshimiwa, sikukurupuka. Sydney watu wake huzungumzia bei za nyumba hata msibani. Brisbane ni jasho tupu. Adelaide ni pazuri, lakini huko hakuna mtu wangu. Na hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yenyewe, maana Glenys amesoma mpaka hapa akasema, "Des, acha kuzunguka mbuyu, mwambie Waziri kinachokuuma."

5. Kirrily ni mjamzito. Atajifungua tarehe kumi na nne Machi, huko huko Melbourne.

Wewe ni mzaliwa wa hapa, kwa hiyo utaelewa mara moja ukubwa wa balaa hili. Kwetu mtu haulizwi anaishi wapi, huulizwa amezaliwa wapi. Hakuna kuwa Mtasmania kwa kuhamia, wala kwa kuoa, wala kwa kuzoea. Na niseme ukweli, katika mtaa huu mlinzi mkuu wa sheria hiyo nimekuwa mimi.

Jirani yangu Lorna Pettifer aliletwa hapa akiwa na umri wa wiki sita, amebebwa kwenye kapu. Sasa ana miaka sabini na moja. Amesomesha nusu ya mji huu na kuzika nusu nyingine. Mwaka jana, kwenye sherehe yake ya kutimiza sabini, nilisimama na glasi mkononi nikasema, "Tumkaribishe mgeni wetu Lorna, tunatumaini atapapenda." Watu walicheka mpaka pai za kombe wa baharini zikawaponyoka. Lorna hakucheka. Alinitazama tu, akaendelea kukata keki.

Juma lililopita habari za mimba zikamfikia. Alikuja mpaka uani kwangu na sahani ya biskuti, uso unang'aa. "Hongera, Des! Nasikia unatarajia mgeni," akasema. "Usijali. Tutamzoea. Miaka sabini tu, kisha utasahau alikotoka."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mheshimiwa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Biskuti zenyewe zilikuwa nzuri, ndiyo uchungu zaidi.

Mkwe wangu Theo ni kijana mwema, simlaumu. Lakini ndugu zake ni wa kule. Siku ya harusi kaka yake aliniuliza, "Mzee, kichwa chako cha pili umekiacha wapi?" maana wao husema watu wa kisiwani tuna vichwa viwili. Nikamjibu, "Nimekiacha nyumbani, kinachunga viazi." Tulicheka, lakini sasa najiuliza: je, mjukuu wangu naye atakuja kuniuliza hivyo? Mjukuu wa Hingston, kizazi cha sita katika udongo huu mwekundu, asimame jikoni kwangu anitanie kama mtalii?

6. Utekelezaji ni rahisi. Mji wenyewe ubaki pale pale, tusisumbue watu. Sogeza mstari tu. Wewe unajua kwamba wapima ardhi wa zamani walikosea, na ndiyo maana mpaka wetu na jirani unakatiza juu ya kimwamba kimoja baharini, nusu yetu, nusu yao, wakazi wake wakiwa ndege. Kosa hilo limedumu karibu miaka mia mbili na hakuna aliyeshtaki. Naomba mpima wako akosee tena, safari hii kwa ujasiri. Ikishindikana mji mzima, naomba angalau wodi ya wazazi, pamoja na kijia cha kufikia maegesho.

Tarehe ya mwisho ni kumi na tatu Machi, saa sita mchana, kwa kuwa watoto wa ukoo wetu huwa na haraka.

Nakuachia salamu za Glenys na za wote wa mtaa huu. Nisalimie familia yako, makarani, dereva, na hasa yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu. Mwambie sina kinyongo, sauti yake ni nzuri.

Wako mtiifu, mzaliwa wa hapa hapa,

Desmond Hingston

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha nilimpigia Kirrily nikamsomea barua yote, nikidhani atajivunia baba yake. Akasema, "Baba, tulitaka kukushtua siku ya Krismasi. Theo amepata kazi huko kwenu Tasmania. Tunahamia Januari, meli tumeshakata tiketi, na mtoto azaliwe karibu na nyinyi. Sasa kama Melbourne nayo itakuwa Tasmania, mama yake Theo, yuko hapa anakusikia, anasema tutahangaika na mizigo ya nini? Si tutakuwa tumeshafika nyumbani?"

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kulia, lakini nililia mpaka Glenys akaninyang'anya simu. Miaka kumi na moja nimeng'ang'ania mahali alipozaliwa mtu, kumbe nilichokuwa nakitaka ni mtoto wangu mlangoni. Ichane barua hii. Mpaka uacheni pale pale ulipo, na ole wake mpima atakayeusogeza hata unyayo mmoja kabla sijampokea binti yangu bandarini.