Maswali Arobaini na Jiko la Bibi Hilja

Juni 15, Jumatatu

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Kwenye usaili Mama Tellervo aliniuliza ni tunu ipi ya kampuni yake ya ukarabati ninayoipenda zaidi. Nikajibu, "Ukweli." Ulikuwa uongo! Karatasi ya tunu sikuwa nimeisoma. Nilibahatisha, akanipa wiki ya majaribio ya ufundi.

Nafasi ni moja. Tunaigombea mimi na Vilhelmiina, niliyemaliza naye shule mwezi huu. Yeye huongea hata na milango. Mimi nikisalimiwa na dereva wa basi nasahau jina langu. Nilidhani kukarabati nyumba za watu hakuhitaji maneno. Nyundo tu!

Sasa nimeisoma karatasi. Tunavua viatu mlangoni. Tunasikiliza kabla ya kushika nyundo. Tunasema ukweli hata ukituaibisha. Mama Tellervo alitwambia garini kwamba mafundi wengine wanauza vigae, sisi tunauza masikio.

Kazi yetu ni chumba cha kuogea mvuke, yaani sauna, cha Bibi Hilja, miaka sabini na minane, anayeishi peke yake kando ya ziwa. Mabenchi mapya, sakafu mpya. Lazima tumalize Alhamisi, maana Ijumaa ni mkesha wa sikukuu ya kiangazi, na mkesha bila mvuke wa sauna si mkesha. Nikapewa fomu ya maswali arobaini nimhoji Bibi. Atakayemfurahisha mwenye nyumba ndiye atakayebaki kazini.

Tulikaa mezani saa nzima. Akamimina kahawa. Nikanywa. Akamimina tena. Hakusema neno, nami sikusema. Ana haya kuliko mimi! Baada ya vikombe sita nilijifungia chooni, nikajaza fomu yote mwenyewe. Kalamu ilikimbia kwa nguvu ya kahawa, si ya dhamiri.

Juni 16, Jumanne

Nimesifiwa mbele ya Vilhelmiina! Mama Tellervo alisema Bibi Hilja hajatamka maneno arobaini tangu amzike mumewe, sembuse majibu arobaini. Vilhelmiina akauliza kama nilimtekenya. Nikatabasamu kitaalamu.

Swali la 7, vigae vya sakafu. Niliandika vya waridi, vyenye picha za bata. Ni vizuri mno. Swali la 23, jiko la kupashia moto mawe ya sauna liwe la kuni au la umeme? Niliandika la umeme. Mzee asisumbuke kuchanja kuni. Mimi hufikiria mbali.

Saa nne jiko la kuni lilitolewa kwa toroli, likawekwa uani. Saa nne na nusu Bibi Hilja alitoka na kikombe chake, akaketi juu ya jiko. Hakuondoka. Mbu walimla. Supu yake ya samaki aliinywa hapohapo.

Nilimwambia Mama Tellervo kwamba Bibi anaota jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Juni 17, Jumatano

Bado yuko juu ya jiko. Leo ana mwavuli.

Vilhelmiina alikwenda kumuuliza kulikoni. Yeye huuliza hivyo tu, mchana kweupe! Akarudi akasema Bibi amejibu kwamba jiko ni zito. Basi. Kisha akanigeukia. "We Pihla, bibi wa watu yuko kwenye msiba wa jiko, wewe unapanga bata. Umemeza kufuli?" Nilimpa jibu kali sana. Nilimpa jioni, nikiwa peke yangu bafuni kwetu.

Mchana Mama Tellervo na Vilhelmiina walikwenda mjini kuchukua jiko la umeme. Mpango! Nirudishe la kuni kabla hawajafika, niseme ndilo lililochaguliwa tangu mwanzo. Fomu niliijaza kwa wino, kwa hiyo nikamwagia kahawa swali la 23. Ikafuta hadi la 31.

Nikamwonyesha Bibi jiko, nikamwonyesha mlango wa sauna. Akainuka haraka kama msichana. Tukalipakia kwenye toroli kwa kulisukuma na kulibinua, tukalivuta. Kwenye mteremko likatushinda. Likakimbilia ziwani! Nilishika bomba la moshi, nikaburutwa hadi kwenye matete, maji magotini, jiko kifuani.

Hapo Bibi Hilja akaongea. "Shika miguu yake, mjinga we! Mume wangu naye alilizamisha hapohapo." Akaniambia kwamba mumewe alilivuta juu ya barafu ya ziwa mwaka walipooana, na barafu ikapasuka. Akacheka. Nami nikacheka. Tulikuwa bado tunacheka gari la Mama Tellervo lilipoingia.

Aliangalia matete. Aliangalia fomu ya kahawa. Akasema tutaongea kwenye mvuke.

Juni 18, Alhamisi

Desturi ya Mama Tellervo ni kwamba kazi ikiisha, mafundi na mwenye nyumba hukaa pamoja kwenye mvuke wa kwanza. Anasema humo hakuna anayeweza kudanganya, maana taulo halina mfuko wa kufichia uongo.

Tukakaa wanne kwenye benchi jipya, tumejifunga mataulo. Jiko la kuni, tulilolivua matetani na kulirudisha mahali pake, lilinguruma, likinuka ziwa kidogo. Mama Tellervo akamuuliza Bibi kama majibu ya fomu ni yake.

Nilitaka kukiri. Kweli kabisa! Nikafungua kinywa, mvuke ukaingia, nikakohoa.

Bibi akamwaga maji kwenye mawe. Akamwaga tena. Vilhelmiina akashuka benchi la chini. Akamwaga kata ya tatu ya maji! Ndipo Bibi akasema majibu ni yake, ila la jiko amebadili mawazo, kwani mzee amekatazwa?

Mama Tellervo akauliza, hata bata?

Bibi aliwatazama bata wa waridi miguuni pake. Akamgusa mmoja kwa kidole cha mguu. "Hasa bata," akasema. Akaongeza kwamba hajapata kuona msichana anayesikiliza kama mimi.

Nafasi nimepata mimi! Vilhelmiina amekwenda kufanya kazi duka la rangi. Nasikia anaongea na makopo.

Juni 22, Jumatatu

Mteja mpya, Bwana Oiva. Anataka chumba chake cha kupikia kipanuliwe. Fomu ina maswali sitini. Mama Tellervo ameniambia nimsikilize kama nilivyomsikiliza Bibi Hilja.

Sijakutana naye bado. Ila leo nilipita nje kwake, nikaona sanduku lake la barua. Ni la kijani. Inatosha! Nimeshajaza yote sitini, safari hii kwa penseli, maana mtu lazima ajifunze. Bata nimewaweka ukutani.

Wewe unayesoma, nakuomba, ibaki kati yetu. Mama Tellervo akikuuliza, kunywa kahawa unyamaze. Na akikualika kwenye mvuke, mwambie una mafua.