Lenzi Moja Yatosha

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kazi kubwa! Wakulima wa kahawa wa Iyula wanataka bango: shamba lote, na pembeni sura ya mwenyekiti wao, Mzee Anania. Tumeitwa kujaribiwa wapiga picha wawili, mimi na Edson. Anayechagua ni Priska, binti wa mwenyekiti. Priska! Tangu nihamie Tunduma natafuta kisingizio cha kuongea naye. Edson ana lenzi mbili, pana ya mandhari, ndefu ya sura za watu. Ushamba! Mwenye akili hununua moja.

Jumanne, 8 Julai
Nimevuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Muuzaji kanionyesha lenzi pana, eti inameza mlima mzima. Nikamuuliza kama inafaa na kwa sura. Akapunga mkono: "Awe, awe!" Kibemba hicho nakijua. Maana yake ndiyo kabisa. Nikanunua.

Jumatano, 9 Julai
Aibu. Kwa mbali Mzee Anania alionekana kama kisiki, nikamsogelea mpaka tukapumuliana. Imetoka pua tupu! Masikio yamekimbilia kisogoni. Mzee akaitazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ni mimi au umepiga kiazi?"
Nikamwambia ndio mtindo wa kisasa. Priska akataka kujua muuzaji alinishauri nini. Nikamwambia alisema awe. Akacheka hadi akakaa chini. Ana shangazi Nakonde. Awe ni hapana.
Lakini amecheka! Edson hajawahi kumchekesha. Nimepewa nafasi nyingine keshokutwa.

Alhamisi, 10 Julai
Nimerudi Nakonde kubadilisha, nichukue ndefu. Muuzaji akanionya kwamba hiyo ni ya sura. Kwa shamba nibaki na ile pana. Kumbe anataka ninunue zote mbili! Hanipati.

Ijumaa, 11 Julai
Mzee Anania katoka kama bwana harusi. Likabaki shamba. Nikachungulia: mibuni miwili na kuku. Nikarudi nyuma. Mibuni mitatu na choo cha jirani. Nikarudi tena. Priska akapiga kelele, nikajua ananishangilia. Chubwi! Tangi la kuoshea kahawa. Kamera niliinyanyua juu, mimi nikazama.
Edson akanivuta, akaniambia niazime lenzi yake pana nimalizie. Mtego huo! Nikakataa. Priska akaniletea kanga nijifute, akasema picha ya baba yake nimeipiga vizuri kumshinda Edson. Basi Edson apige shamba, mimi sura, tusaidiane.
Kusaidiana! Na Edson! Nikaaga. Nilipanda bodaboda nikinuka maganda ya kahawa, lakini kichwa juu.

Jumamosi, 12 Julai
Mungu ni mwema! Dereva wa lori kwenye foleni ya mpakani alikuwa na lenzi ya ajabu, imevimba kama jicho la samaki. Inaona mbele, kushoto, kulia, karibu ione na mgongo wa mpigaji! Tumebadilishana na ile ndefu. Nimejijaribu mwenyewe: kichwa tikiti, miguu ya sisimizi. Lakini mtaa mzima umeingia!
Jioni Priska kanipigia. Baba yake ananitaka bado kwa ile kazi ya sura, nisiwe mbishi. Nikamjibu nimekubali, tena kesho baada ya ibada nitaanza na picha yake yeye, zawadi kwa shangazi yake. Akafurahi. Amesema atasuka nywele leo hii.
Nitamsogelea sana.