Kidevu cha Bibi Stoyna

Jumatatu, 22 Februari 2016

Nimempata! Bibi yangu Stoyna, katikati ya picha, mkono juu, mdomo wazi, mbele ya ghala la tumbaku. Mwaka 1939, mgomo wa wanawake. Picha ya polisi, boksi la tatu, chumba cha kusomea cha nyaraka. Nilitaka kupiga kelele. Ognyana, binti anayetunza nyaraka, alinikata jicho kabla sijafungua kinywa.

Nyuma ya picha hakuna majina. Hilo halinisumbui. Kidevu kile nakijua. Ni kidevu cha marehemu baba, na mimi mwenyewe nakinyoa kila asubuhi.

Tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, baraza la mji litaamua bustani mpya mbele ya ghala ipewe jina la mgomaji gani. Jirani yangu Zlatka Murdzheva, mfamasia mstaafu, anampigia debe shangazi yake, Paraskeva. Akina Murdzhev tayari wana barabara na bomba la maji la uwanjani. Sisi akina Radulov hatuna hata uchochoro.

Bibi ndiye aliyenilea. Mikono yake ilinukia tumbaku hadi siku anakufa, na kuhusu mgomo hakuwahi kuniambia neno. Namtaka pale, kwa herufi kubwa, ili nikipita na gari la mafunzo niwaonyeshe wanafunzi wangu wa udereva. Wote wawili.

Boksi nimeliacha kwa jina langu. Utaratibu wa pale ni kwamba likiwa kwa jina lako, mwingine haligusi. Zlatka akae ahesabu nyufa za dari.

Jumatano, 24 Februari

Zlatka alikuja. Akaomba boksi la tatu. Akaambiwa liko kwa Bwana Radulov. Akaniuliza kwa adabu zote nitamaliza lini. Nikamjibu kwamba utafiti si kufua soksi. Basi akachukua boksi la nne, akaketi meza yangu hiyohiyo, akatoa miwani ya kukuzia na kuanza kusoma. Anasoma kweli! Anaandika kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi siku nzima nimeandika neno “kidevu”, nikalipigia mstari.

Ognyana alipita akaitazama karatasi yangu. Akasema kidevu si ushahidi. Baraza linataka watu wanaokumbuka. Nikamwambia wanaokumbuka wako makaburini. Akasema labda, lakini nimeuliza? Nilikuwa nimeshapata wazo.

Ijumaa, 26 Februari

Wazo lenyewe. Mji wetu unasoma nguzo za umeme kuliko gazeti. Mtu akifa, tanzia yenye picha yake hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo, kituo cha basi. Mwaka ukipita, hubandikwa nyingine. Miaka kumi, nyingine tena. Hakuna anayebisha tanzia. Nani abishane na maiti?

Bibi alifariki 1976. Nikakata uso ule kwenye nakala ya picha, nikapeleka kwa mchapaji: MIAKA AROBAINI BILA STOYNA RADULOVA, KIONGOZI WA MGOMO. Nikabandika hadi gundi ikaisha. Watu wakimwona wiki nzima wakienda kununua mkate, siku ya mkutano wataapa walimwona enzi zile kwa macho yao.

Inafanya kazi! Mama muuza jibini ameniambia anamkumbuka vizuri sana, alivyokuwa akiongoza wenzake kwa wimbo. Mama huyu ni mdogo kwangu.

Jumanne, 1 Machi

Leo, kwa desturi ya Machi mosi, mji mzima umefunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, watu wanatakiana heri. Mimi nimetakiwa shari.

Pembeni ya kila tanzia yangu kuna tanzia nyingine. Uso uleule! Hata mkunjo wa karatasi yangu juu ya nyusi uko palepale. Chini yake: PARASKEVA MURDZHEVA, MAMA WA MGOMO. Zlatka amebandua yangu, akaipeleka kwa mchapaji yuleyule, na yule mtu akaichapa bila kupepesa jicho.

Nikaenda kumgongea. Zlatka akasema macho yale ni ya akina Murdzhev, na videvu vimejaa tele duniani. Nikamwita mwizi wa marehemu. Akaniambia, “Wewe Lyuben, umelilalia boksi kama kuku anayeatamia, na hata kusoma husomi.” Kisha akanipa kipande cha banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, maana ilikuwa imetoka jikoni wakati huohuo. Nikala nimesimama, nimenuna. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jioni nikatoka kubandua zake. Nikamkuta kituo cha basi anabandua zangu. Tukasalimiana.

Jumamosi, 5 Machi

Msiba. Au kinyume cha msiba, sijui niuiteje.

Asubuhi kengele. Mlangoni bibi kizee mfupi, kitambaa kichwani, tanzia mbili mkononi, na nyuma yake mpwa wake anayejizuia kucheka. Zlatka alikuwa amekwisha chungulia dirishani. Bibi akauliza kwa sauti ya kufika kwetu sote, “Nani kati yenu ameniua?”

Nikasema hapana, mama, huyu ni marehemu bibi yangu. Akaiinua karatasi sambamba na uso wake. Akakaa hivyo, ananitazama. Kidevu kilekile.

Anaitwa Velika Kehayova. Ana miaka tisini na miwili. Anaishi kijijini huko juu, na mpwa wake aliuona uso wake kwenye tanzia kituo cha basi. Wakati wa mgomo alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mchambuaji wa majani ya tumbaku. “Nimekufa mara mbili wiki moja,” akasema, “na mara zote mbili kwa jina la mtu mwingine. Angalau mngenipatia jina langu.”

Nikamkaribisha chai. Zlatka akaja na banitsa bila kualikwa. Nikamuuliza Bibi Velika kama kidevu chake hakina undugu na cha kwetu, hata wa mbali. Akanishika changu, akakigeuza kushoto na kulia. “Pole, mwanangu,” akasema. “Hiki sijui umekitoa wapi.”

Jumatatu, 7 Machi

Nimewapeleka kwenye chumba cha nyaraka kwa gari la mafunzo. Bibi Velika mbele, Zlatka nyuma akikanyaga breki ambayo hakuwa nayo.

Ognyana akaitoa picha kwenye boksi langu. Bibi Velika hakutaka miwani. Akaanza kuwataja wale wanawake mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, na nani alikuwa mwimbaji, na nani alimtemea msimamizi mate. Ognyana anaandika mkono hauinuki. Wa pili kushoto, mwenye kitambaa cheupe: Paraskeva. Zlatka akaweka kiganja mdomoni. Hakuringa. Nilikuwa nasubiri aringe, hakuringa, akawa analia tu.

Wote kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, wakaisha. Stoyna hayumo.

Sitasema uongo humu ndani, hakuna mtu anayesoma. Niliumia. Nikauliza kwa sauti ndogo kama Bibi Velika hakumjua kabisa.

“Stoyna?” akasema. “Ningekosaje kumjua? Watoto wetu wote walikuwa kwake.”

Ndivyo nilivyojua. Mgomo wote, watoto wa wale wanawake walishinda uani kwa bibi yangu, ng'ambo ya barabara, wakiwemo wadogo zake Velika na baba yangu mwenye miaka miwili. Aliwalisha, akawaogesha, akawalaza mstari mmoja kama mikate. Bibi Velika akasema hakuna mwanamke anayesimama mbele ya farasi wa polisi na mtoto kiunoni. “Bila yeye tungerudi kazini siku ya pili, tena tumeinamisha vichwa.”

Kisha akaweka kidole juu ya ule mkono wake ulioinuliwa. Si ngumi. Kila mtu ameona ngumi, hata polisi waliandika ngumi. Alikuwa anampungia Stoyna, aliyekuwa ng'ambo, nyuma ya mpiga picha, awaingize watoto ndani, farasi wanakuja.

Kwa hiyo katika picha ile Velika anamtazama bibi yangu. Ametazama hivyo kwenye boksi miaka yote hii. Nikatoka nje, nikajifanya naangalia matairi.

Jumanne, 8 Machi

Ukumbi umejaa maua. Bibi Velika alizungumza ameketi, na hakuna aliyekohoa. Akawaambia wasitafute kichwa kimoja, hapakuwa na kichwa kimoja. Baraza likakubali: Bustani ya Wanawake wa Ghala, na kibao chenye majina kumi na mawili. La kumi na mbili, Stoyna Radulova. Zlatka ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nimempa ua. Lilikuwa limebaki.

Mama muuza jibini alisimama akasema yeye siku zote alikuwa anamkumbuka Bibi Velika.

Nina furaha. Naandika wazi: nina furaha. Boksi nimelirudisha.

Jumatano, 9 Machi

La kumi na mbili. Yaani chini kabisa, pale ambapo mbwa hukojolea.

Kibao hakijachongwa bado. Nimeenda kuomba boksi la tatu tena. Liko kwa Zlatka! Nikaketi mezani kwake, nikaitazama picha kichwachini. Na pale chini, barabarani, mbele ya wanawake wote, nikakiona: kivuli. Kivuli cha mtu aliyesimama upande wa mpiga picha. Aliye karibu kuliko wote!

Ognyana amesema ni kivuli cha mpiga picha mwenyewe, askari, na kile kilichochomoza ni ukingo wa kofia yake. Zlatka amesema vilevile, bila kuulizwa. Bibi Velika ningeweza kumpigia simu, lakini ni mzee, nisimsumbue.

Mchapaji amesema tanzia zitakuwa tayari Ijumaa. Nimeagiza kivuli kikuzwe. Kile si kofia. Kidevu kile nakijua.