Siku Ukurasa wa Sitini na Moja Ulipofunuliwa

Sogeeni, enyi mlioko jikoni na mlioko shambani, mlioteremka Soni na karoti na mliopanda kutoka Soni na chumvi. Tueni mizigo, acheni maharage yachemke yenyewe, mtege masikio. Wengine wamesimulia vita vya masultani na miji iliyozingirwa hata watu wakala ngozi za viatu. Mimi Klara, mjane wa Alen, niliyeishia darasa la saba wala sioni haya kulisema, nitawasimulia vita vilivyopiganwa katika ukumbi wa shule yetu ya sekondari, huku juu kwenye ukungu, ambako haikumwagika damu, ikanywewa chai kidogo tu, na ambako mwanamke mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi alilitenda jambo ambalo ukumbi mzima wa wanaume haukuthubutu kulitenda, yaani alifunua ukurasa.

Jina lake ni Mwanaidi binti Sharifu, Mfunda Wari, Mkwe wa Nusu ya Kijiji, jirani yangu ambaye shamba lake na langu hutengwa na mstari wa masale tu. Aliitwa Mkwe wa Nusu ya Kijiji si kwa kusifiwa bure. Alizaa mabinti wengi, na dada zake wakazaa mabinti, na kwetu mume wa mtoto wa dada yako ni mkwe wako kamili, hana punguzo. Na mkwe kwetu si mtu wa mchezo. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani hushuka pembeni, hata kama pembeni ni shamba la maharage lenye umande wa kufika magotini. Hatafuni mbele yake, wala hatamki mbele yake neno lolote la chumbani, na akilisikia likitoka kinywani mwa mama huyo, basi ni heri angekuwa ametumbukia korongoni. Likumbukeni hilo, maana ndilo upanga wa hadithi hii.

Vita vilianza kwa picha. Kulikuwa na kitabu cha riwaya ambacho watoto wa kidato cha nne walipangiwa kukisoma kwa ajili ya mtihani. Jina lake sitalitaja, maana hata waliotaka kipigwe marufuku hawakulijua, walikiita "kile cha kijani". Mzazi mmoja akaupiga picha ukurasa mmoja, wa sitini na moja, akautuma katika kundi la wazazi kwenye simu, na ukurasa ule ukateremka mabondeni na kupanda vilimani upesi kuliko mafua ya mwezi wa saba. Kila aliyeusoma alisema astaghafiru au Bwana asifiwe, kwa kadiri ya dini yake, kisha akausoma tena.

Ndipo akasimama Salimu, Simba wa Mnada wa Soni, Mvunja Bei ya Karoti, mwanamume ambaye sauti yake husikika upande wa pili wa barabara hata lori likiwa linanguruma. Naye ni mume wa Saumu, na Saumu ni binti wa Mwanaidi. Akatuma sauti yake katika kundi, nasi sote tukaisikia: "Wazazi wenzangu, mimi sijakisoma hicho kitabu na sitakisoma, maana mtu halambi sumu ndipo ajue ni sumu. Mkuu wa shule amevifungia vitabu vyote kabatini mpaka tukae kikao. Kitabu kikibaki, binti yangu Rukia ndiye atakayetoka. Atakaa na mimi Soni apange karoti."

Ijumaa yake Rukia akaja kwa bibi yake. Tulikuwa tumeketi barazani, Mwanaidi na mimi, tunamenya maharage mabichi, na yule mtoto akaketi, akatwaa ganda moja, akalimenya kama ana kisasi nalo.

"Mke mwenzangu," Mwanaidi akamwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "umenuna hivyo, umegombana na mume wetu?"

"Babu hana neno. Ni baba. Anasema Jumatatu naanza Soni."

"Kwa ajili ya kile cha kijani?"

"Ndicho hicho. Na mtihani ni mwezi wa kumi na moja, bibi. Nilikuwa nakiweza."

"Wewe umekisoma?"

"Mpaka mwisho."

"Mna nini ndani yake?"

Rukia akatupa maganda kwa kuku. "Nikikuambia utasema nakitetea. Kasome mwenyewe."

Mwanaidi akavuta karai karibu. Akamenya maharage yote mpaka karai likajaa, akachambua yaliyotobolewa na wadudu akayaweka kando, akaifuta mikono. Kisha akanena: "Klara, kitenge chako cha kwendea kikao kiko wapi?"

"Kipo sandukuni."

"Kifue."

Na sasa nisaidieni kusema jinsi shujaa alivyojivika silaha asubuhi ya Jumamosi. Alifunga kanga ya kwanza kiunoni kwa fundo la kulimia, na ya pili juu yake kwa fundo la heshima. Akavaa sweta la marehemu kaka yake, la rangi ya kahawia, lililopona moto na mende. Akajitanda ya tatu kichwani. Akatwaa miwani yake ambayo mkono mmoja ulivunjika zamani na mahali pake pakafungwa uzi wa kushonea magunia. Akashika mwavuli wenye fimbo tatu zilizokufa. Tukapanda kilima polepole, maana yeye hana haraka na mimi nina goti. Njiani wanaume watatu wakashuka shambani kutupisha, mmoja akatota mpaka mapajani, akasema toka huko kwenye maharage, "Shikamoo mama." Naye akaitika, "Marahaba, mkwe wangu. Twende kikaoni." Yule bwana akabaki amesimama kwenye umande kama mti.

Ukumbi ulijaa. Akina mama walikaa kushoto wakifunga vifungo vya sweta za watoto, wanaume kulia wakiwa wamekunja mikono, na manyunyu yakipiga bati juu yetu. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Kristofa, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, ambaye alimwoa binti yangu. Akaniona, akaivua kofia, akaivaa tena. Sisi tukaketi nyuma kabisa, kwenye giza.

Salimu akasimama. Lo, angalikuwapo zumbe, mtawala wetu wa kale, angalimpa ng'ombe kwa ulimi ule. Akanena, "Waungwana wa mlima huu, babu zetu waliwafukuza nguruwe pori kwenye mihogo, baba zetu wakaishinda kutu ya kahawa, na sisi tunapambana kila wiki na madalali wa mjini wanaotaka karoti kwa bei ya majani. Je, tushindwe na karatasi? Binti zetu wanafundishwa mambo ambayo mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, nimeyasoma nikatoka jasho."

Wanaume wakapiga meza. Mmoja akasema, "Umeyasoma mara ngapi, Salimu?" na akina mama wakaficha vinywa kwa kanga.

Mwalimu Yusta, anayefundisha Kiswahili, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuomba radhi, akanyanyua mkono. "Mwenyekiti, siombi kukitetea. Naomba tu mzazi mmoja atusomee hapo penye ubaya, ili tuukatae tukiujua." Akaweka kitabu mezani, kimoja alichoruhusiwa kukitoa kabatini, na ukumbi ukakitazama kama nyoka aliyeingia msibani.

"Nitasoma mimi," akasema Salimu, naye akakitwaa, akakifungua pale pale, maana kilikuwa kimeshajifunza kufunguka hapo. Akakohoa. Akajaza kifua.

Ndipo Mwanaidi binti Sharifu akainuka. Hakupiga kelele, hakuinua ngumi. Aliukusanya mwavuli wake, akapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa mtu anayebeba maji yasimwagike, nami nyuma yake nikilisindikiza goti langu, akaja akaketi kwenye benchi la mbele kabisa, miguuni pa Salimu.

Salimu akamwona. Kifua kikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Soma. Kule nyuma sisikii vizuri."

Nimeona ng'ombe aliyekanyaga asali akakosa pa kuweka mguu wa pili. Ndivyo alivyokuwa Simba wa Mnada. Alitazama kitabu, akamtazama mkwe wake, akatazama bati. Akasema macho yake yanauma. Akampa jirani yake, ambaye ni mume wa mpwa wa Mwanaidi, na huyo akampa mwingine, ambaye alikuwa yule aliyetota kwenye maharage, na kitabu kikazunguka safu nzima ya wanaume kama kaa la moto, hakuna aliyekishika kwa zaidi ya pumzi moja, hata kikarudi mezani kwa mwenyekiti. Kristofa akanitazama mimi, mama mkwe wake, akakilaza mezani kwa upole wa mtu anayetua yai.

"Hivi hakuna anayesoma?" akauliza Mwanaidi. "Mmekuja kukifunga kitabu, na hata kukifungua hamkuweza." Akanyoosha mkono. "Nipe, mwalimu. Mambo ya msichana kukua baba hayataji, na mama huyazungukazunguka. Bibi ndiye aliyepewa ulimi. Nimewafunda mama zao, nitashindwa na karatasi?"

Naye akavaa miwani.

Hapo ndipo jeshi lilipovunjika. Maana kusoma mbele ya mkwe ni aibu, lakini kumsikia mkwe akisoma ni kifo. Wakainuka wote waliomwita mama, wakakumbuka ghafla ng'ombe, na pikipiki, na simu za wateja. Wakabanana mlangoni, sweta kwa sweta, Salimu akiwa wa kwanza kwa sababu ya mabega yake, wakasimama nje chini ya michirizi ya bati wakichungulia madirishani. Kristofa peke yake hakuweza kukimbia, maana ni mwenyekiti. Akaishusha kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akainamisha kichwa.

Mwanaidi akasoma, kidole kikifuata mstari, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa: "Mvua ilinyesha. Kijana akafunga mlango kwa komeo. Msichana akasimama karibu na jiko, nguo zimemganda mwilini. Wakatazamana. Kijana akasogea, akavua..."

Na ukurasa ukaisha.

Akina mama wakavuta pumzi, wote kwa pamoja. Hapo ndipo picha ilipoishia, hapo ndipo kundi zima lilipokuwa limepiga kambi tangu mwanzo, na katika wazazi wote wa mlima ule, Waislamu na Walutheri, wafuga ng'ombe na wapanda hoho, hakuna aliyekuwa amethubutu kuvuka.

Mwanaidi akatoa ulimi. Akalowesha kidole. Akaushika ukurasa pembeni, pale penye alama ya mafuta ya mtoto fulani aliyekula chapati, akaunyanyua, nao ukasimama wima kitambo kama tanga la mashua isiyojulikana huku kwetu milimani, kisha ukaanguka upande wa pili.

"...sweta lake," akasoma, "akamvika, maana msichana alikuwa akitetemeka kwa baridi. Akatwaa mwavuli, akamsindikiza mpaka kwao, asiseme neno. Msichana alipoingia akamkuta baba yake ameketi na mgeni mwenye kanzu mpya. Chai ilikuwa imekwisha kunywewa. Baba akasema, Kuanzia kesho hutakwenda shule. Mshukuru mgeni."

Akakifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Bati likapigwa na manyunyu peke yake.

Saumu, mkewe Salimu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefumbua kinywa, akasimama upande wa akina mama. "Mwenyekiti, mimi ni mama yake Rukia. Naomba nionyeshwe ubaya uko wapi. Pale kwenye sweta, au pale kwenye chai?"

Nje, dirishani, Salimu alikuwa ameacha kuchungulia. Alikuwa akitazama buti zake.

Kristofa akapandisha kofia. "Wanaotaka kitabu kitolewe, wanyanyue mikono." Ndani haukunyanyuliwa mkono hata mmoja. Nje ya dirisha ukaonekana mmoja, mpana, unaopasa kuwa mkono wa mtu wa karoti, umefika nusu tu.

"Mkono wa nje hauhesabiwi," akasema Kristofa. "Ingia ndani, Salimu."

Salimu akamtazama mkwe wake, aliyekuwa na kitabu mapajani, kidole bado kikiwa ndani. "Hapa nilipo panatosha," akasema. Na mkono ukashuka.

Kabati likafunguliwa. Lakini vita havikuwa vimekwisha, maana kitabu kilibaki na kiapo cha Salimu juu ya Rukia nacho kilikuwa kimebaki. Tulipotoka, Mwanaidi akafungua ule mwavuli wenye fimbo tatu zilizokufa, akasimama mbele ya Salimu, watu wote wakitazama.

"Mkwe wangu, nimesikia Jumatatu mjukuu wangu anakwenda Soni kupanga karoti."

Salimu akashuka pembeni, mtaroni, majini, kama adabu inavyotaka. "Nani kasema, mama? Jumatatu si ni shule."

"Nami nilifikiri hivyo," akasema Mwanaidi. Tukateremka kwenda kumalizia maharage.

Basi waambieni watakaozaliwa: palikuwa na mlima, na palikuwa na ukurasa, na palikuwa na mwanamke aliyelowesha kidole. Wengine hujengewa minara. Yeye alipewa na Mwalimu Yusta chai yenye tangawizi, akasema sukari ni kidogo.

Na juma lililofuata, siku ya gulio, nilikuwa Soni kununua chumvi. Nikamwona Simba wa Mnada ameketi nyuma ya magunia yake, ameliacha soko lipige kelele bila yeye, na mikononi ana kitu kilichofunikwa kwa gazeti, na kutoka kwenye kona ya gazeti rangi ya kijani ilikuwa ikichungulia. Dalali akamwita kwa bei ya aibu, hakusikia. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole. Akafika chini ya ukurasa, akasita, akatazama kushoto, akatazama kulia, hakumwona mkwe. Mimi nilijibanza nyuma ya kabichi nisimharibie.

Akatoa ulimi, akalowesha kidole.