Kiti Changu na Akili Bandia

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na tatu. Nimedumu kuliko wakurugenzi wanne, mashine mbili za taipu, faksi moja, na daktari aliyeniambia nikiendelea na ugoro sitauona mwaka mpya. Ugoro ninao hapa. Daktari yuko wapi?

Mimi ni bawabu wa ofisi ya kutafutia watu kazi. Bawabu kwa jina tu. Kwa kweli mimi ndiye mchujo wa kwanza. Mtu akija kuomba kazi namtazama viatu, nasikiliza anavyobisha hodi, tayari nimeshamjua. Niliwahi kumfukuza mwizi kwa kuona kisigino tu. Wengine wanasema alikuwa mkaguzi wa kodi. Wivu.

Leo mkurugenzi, mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, katukusanya wote. Ofisi imenunua mashine. Itasoma maombi ya kazi, itawapigia watu simu na kuwasaili yenyewe, kisha itasema nani anafaa. Eti inaitwa akili bandia. Bandia! Mtu akikutwa na noti bandia anafungwa. Akili bandia inapewa meza na kiyoyozi.

Nikacheka. Kicheko kikakatika aliposema kwamba kabla ya kuwapelekea wateja, wataijaribu kwa nafasi moja ya humu humu. Nafasi ya mlangoni. Na mimi niombe kama wengine. Nikamuuliza mtu anaombaje kazi anayoifanya. Akasema, kwa adabu zake zote, Mzee wangu, utaratibu ni utaratibu.

Aliyepiga makofi ni mmoja. Sukari, mpika chai. Siku nyingi anakimezea mate kiti changu. Kiti cha mbao, cha mikono, kivulini kando ya mlango. Ukikaa pale unajua nani kanenepa na nani kaachwa.

Nikikikosa kiti, nimekwisha. Nyumbani kuna kuku wa mama watoto. Ameshasema siku nitakapoacha kazi, banda nitafagia mimi. Nimewafungulia mlango wakubwa wa kila aina, leo nifungulie kuku? Thubutu!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Adui yangu ni mvi. Nikachukua polishi nyeusi ya viatu, nikapaka ndevu, nyusi, na nywele chache zilizobaki uwanjani. Mama watoto akauliza kama viatu navyo nimevipaka mafuta ya ndevu. Mwanamke akiona mume kapendeza huwa na maneno.

Jua likawaka. Polishi ikaanza safari. Nikajifuta jasho, na papo hapo mteja mkubwa akatokea, akanipa mkono. Akaingia kwa mkurugenzi na kiganja cheusi, akaegemea sofa nyeupe. Mkurugenzi akatoka mbio kuuliza nani kamwaga wino. Nikasema Sukari. Akaitwa, akaulizwa kama ni yeye. Akajibu ndiyo. Masikio ya Sukari yamekufa zamani, na kusema hakusikia anaona aibu, basi kila swali kwake ni ndiyo.

Kisha fundi wa mashine, kijana mwenye waya masikioni, akaniambia, babu, umejitesa bure, mashine haitazami sura. Inasikiliza maneno tu. Haina macho! Nikamwambia kipofu hachagui bawabu. Akasema ndio uzuri wake, haibagui mtu kwa umri. Nikamwambia hapo ndipo ilipooza. Umri ndio mali yangu, nami nataka unibague.

Polishi haitoki. Nimesugua na majivu.

Jumatano, 6 Machi

Barua ya maombi. Herufi nazijua zote. Ila zikikaa kikao zinanishinda. Asubuhi nzima nimetoa mistari mitatu: Mimi ni bawabu. Mlango naujua. Msinisumbue.

Mkamwana wangu ana simu inayoandika. Lakini mkamwana ni mtu wa heshima, siwezi kumrukia kwa maneno. Nikamwambia mama watoto amwambie. Akamwambia Baba ana shida ya barua. Mkamwana akamjibu mama watoto kwamba Baba alete tu. Wote watatu tumekaa mkeka mmoja.

Simu ikala mistari mitatu, ikatapika ukurasa. Akasoma: mtaalamu mwenye ari na shauku ya kusimamia mwingiliano wa wadau katika eneo la mapokezi. Nikauliza ni nani huyo. Akasema ni Baba. Nikasema mtu kama huyo akija mlangoni kwangu namrudisha alikotoka. Lakini nikaipeleka.

Mchana namkuta Sukari anamsomea mhasibu barua yake kwa sauti. Mtaalamu mwenye ari na shauku! Wadau! Neno kwa neno! Nikamkunja shati. Mwizi wee! Akasema ndiyo. Fundi akatuachanisha, akanionyesha kwamba kila aliyeomba kazi ya mlango ni mtaalamu mwenye ari na shauku. Kumbe mashine inaandika, mashine inasoma. Sisi binadamu kazi yetu kununua vocha.

Alhamisi, 7 Machi

Usaili. Nikafungiwa chumbani na simu. Sauti ya kike, laini. Nikaisalimu kama mtu aliyelelewa: hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Ikasema asante, tuendelee na swali la kwanza. Nikasubiri habari za watoto. Ikarudia swali. Nikasubiri. Nikaona haikufunzwa na mamaye, nikaisamehe.

Ikauliza uhusiano wangu na viongozi waliopita. Hapo nikanyoosha miguu. Nikaiambia wa kwanza nilimzika, wa pili nilimzika, wa tatu nilimzika mvua ikinyesha, na wa nne nilimzika kwa mikono hii hii, koleo tukipokezana. Na huyu tuliye naye, Mungu akinipa uzima, nitamzika kwa heshima zote.

Ikasema jibu langu imelihifadhi. Nikajua imeguswa.

Ikauliza mgeni akiwa mkorofi nafanya nini. Nikasema rahisi, nampa vidonge vyake. Akitaka ameze, akitaka ateme, na hatarudi tena.

Nikatoka kifua mbele. Nikampitia Sukari jikoni, nikamwambia sufuria ndizo saizi yake.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo ya ajabu. Mkurugenzi kaingia kwa mlango wa nyuma. Mhasibu kanisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimpa karani glasi ya maji, akainusa, akaiweka chini polepole.

Baadaye nikaitwa. Mkurugenzi nyuma ya meza, fundi pembeni, na dereva wa ofisi kasimama mgongoni mwangu kama wa kunikamata. Fundi akasoma ripoti ya mashine. Mwombaji amekiri kuwazika viongozi wanne. Hutumia koleo. Ana mpango wa kumzika wa tano. Wageni huwapa vidonge na hawaonekani tena. Asiajiriwe. Vyombo vya usalama vijulishwe.

Nilipiga ukelele! Nikasema kama kwenda mazikoni ni jinai, fungeni mtaa mzima. Huyu dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipokea koleo! Dereva akakiri. Mkurugenzi akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Akasema, jamani Mzee, umenilaza macho. Nikajua kiti kimerudi.

Hakikurudi. Kashinda Sukari. Kila swali aliloulizwa kajibu ndiyo, na mashine imempa alama za juu kuliko wote kwa sababu, eti, ni msikivu. Sukari! Msikivu! Akaitwa akapewa hongera. Akasema ndiyo.

Nikamuuliza mkurugenzi, kama kwangu mashine imeboronga hivi, kwa Sukari inaaminiwaje? Akatazama mezani. Akasema wateja wameshaambiwa jaribio limefaulu. Kwa hiyo Sukari mlangoni, mimi jikoni kwenye chai.

Kuku nimeponea chupuchupu. Lakini kiti!

Jumatatu, 11 Machi

Watu wananung'unika kuhusu chai yangu. Hawajazoea chai yenye msimamo.

Mlangoni ni vituko. Mtu anauliza, naweza kuingia? Ndiyo. Na hili godoro? Ndiyo. Saa hizi godoro liko mapokezi na mwenyewe kalala.

Habari kubwa: mashine, katika kuwatafutia wateja wetu watu, imemwona dereva wetu anawafaa, ikampeleka! Imetuibia dereva kwa fedha zetu wenyewe. Mkurugenzi kashika kichwa. Mimi nimeshika kidevu. Nafasi ya dereva iko wazi. Dereva anakaa kwenye kiti chenye sponji na kiyoyozi. Kiti cha mbao ni nini mbele ya hicho?

Sijawahi kuendesha gari. Lakini mashine haina macho. Kinachotakiwa ni uzoefu tu, na uzoefu huanzia mahali. Ufunguo unatundikwa jikoni, juu ya birika. Nikaingia garini kuuzoea usukani. Nikagusa hiki, nikavuta kile. Gari likakubali! Likateremka uwanjani taratibu, kwa heshima, moja kwa moja hadi mlangoni. Sukari alikuwa amekwenda kumshikia mwenye godoro mto. Kiti hakikuwa na pa kwenda. Mikono yake iko huku, miguu iko kule.

Nimejifungia jikoni kuandika haya. Viatu vya mkurugenzi vinashuka ngazi, na kwa mlio wake leo hacheki. Si neno. Jioni mama watoto atamwambia mkamwana aiambie simu hivi: dereva mwenye uzoefu, hajawahi kugonga mtu. Na nikiulizwa tena habari za viongozi, nitajibu vilevile kama mwanzo, neno kwa neno. Ukweli haupakwi polishi.

Anayesema naongopa amuulize muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara. Kaona kila kitu. Atakwambia hata honi nilipiga.