Buti za Wamuyu Zapandishwa Cheo

"Viatu hivyo havitoki, mama," Hamid alirudia, amesimama mbele ya kamba nyekundu. "Vimeshapandishwa cheo."

"Cheo gani? Buti ni buti! Nje theluji, na mtoto huyu ana soksi tupu," Wamuyu alisema.

"Naelewa, mama. Shikamoo tena. Lakini sasa ni sanaa."

Hamid alikuwa mlinzi wa ngome ile ya mawe pembeni mwa Stockholm, iliyojengwa zamani na mabwana wenye panga na sasa imefanywa makumbusho ya sanaa. Wazazi wake walitoka Tanga, yeye akazaliwa Tensta, kitongoji cha mji huohuo, kwa hiyo alijua kukatalia watu kwa adabu za pande zote mbili.

Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la adabu vilevile. Wamuyu alikuja kutoka mtaa wa Vårby gård na bintiye Felicia, akaona sakafu imepigwa deki ikang'aa, akafanya kama ifanywavyo katika kila nyumba ya mji ule: akavua buti, akamvua na mtoto, akazipanga mlangoni. Waliporudi kutoka kutazama picha za wafalme wenye mashavu, walikuta kamba, taa, na mzee mmoja akifuta machozi. Kamati ya Dharura ya Kutambua Sanaa ilikuwa imeshakaa na kuupa mpangilio ule jina: *Waliokwenda*.

"Hatujaenda popote!" Wamuyu alifoka. "Si sisi hawa?"

"Hilo linapunguza maana kidogo," alikiri mkurugenzi, Josefin, aliyefika kukagua pamoja na katibu wake Anton. Kwa agizo alilolitia saini mwenyewe, sanaa hiyo husogelewa bila viatu, wala haiguswi na mtu yeyote, awe nani. Basi wote wawili walivua buti zao nje ya kamba, wakaingia kwa soksi na heshima. "Unaweza kuomba kuziazima, Wamuyu. Kamati inakaa Mei."

"Mei theluji imeyeyuka! Basi letu linakuja sasa."

"Ona fahari. Buti zako zitatazamwa na vizazi."

"Mwanangu atavaa fahari miguuni?"

Felicia akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, kwamba hasikii tena vidole vyake.

Hapo Wamuyu akaacha kubishana. Akatumbukiza miguu katika buti za Josefin, zenye manyoya ndani. Zikamkaa kama alizipimisha. Akamvisha Felicia za Anton, zikamfika magotini.

"Hizo ni zangu!" Josefin alipiga kelele.

Wamuyu akamgeukia Hamid. "Hizi nazo zina cheo?"

Hamid akazikagua kwa makini. "Bado, mama. Ni viatu tu."

"Basi zinavaliwa."

"Zirudishe!"

"Omba kuziazima," Wamuyu alisema, akimshika mtoto mkono. "Na mimi nakaa Mei."

Hamid akawafungulia mlango mzito, wakatoka. Ndani, mkurugenzi na katibu wakabaki na soksi juu ya mawe baridi, mbele ya jozi mbili za buti kavu, nzima kabisa, ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, awe nani.