Bangili ya Ruqayya na Kwapa Langu

Leo nimeaibika mbele ya chupa zangu mwenyewe. Nawaambia mapema, maana hapa mtaani Kuze mtasikia tu, tena kwa chumvi.

Nauza uturi, mnajua. Na mnajua ninavyojigamba: mafuta matupu, spiriti, ile alkoholi, haiingii dukani kwangu wala haigusi ngozi yangu! (Hilo la ngozi nani aliniuliza?)

Asubuhi kaja Ruqayya, binti wa ndugu yangu, ninayemsomesha chuo kikuu. Mkononi kavaa bangili aliyoiunda na wenzake. Ndani mna kile kijipande cha kamera ya simu kinachopokea mwanga. Wamekipaka utando mwembamba, basi badala ya kunasa picha kinanasa kemikali. Hewa ikiwa na spiriti, bangili inalia. Na kijipande chenyewe ni kidogo kuliko ukucha! Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Pua yangu nimeifundisha miaka ishirini, na huyu kaunda yake kwa kamera. Nilifurahi karibu nilie.

Mara akaingia Bi Zuhura, anayemwoza mwanawe Ijumaa.

"Sabalkheri. Nataka uturi wa nikahi, lakini nasikia siku hizi mafuta yachanganywa spiriti. Wageni wangu ni mashekhe."

"Bi Zuhura, usiniamini mimi. Amini sayansi!" (Nilitumwa na nani?)

Ruqayya akapitisha bangili juu ya chupa ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya kumi, kimya! Kifua kikanivimba. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa cha Ruqayya kuteremsha chupa ya mwisho, ile ya udi, bora kuliko zote.

Tiii! Tiii! Tiii!

Bi Zuhura akafunga mkoba. "Alaa! Kumbe ni kweli."

"Ngoja kidogo, bibi," akasema Ruqayya. Akasogeza bangili kwenye chupa ya udi. Kimya. Akaisogeza kwangu. Tiii! Akanifuata nayo begani, akashuka, akafika kwapani. Hapo ililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Ami," akanong'ona, "wajipaka nini?"

Nikisema sijui, uturi wangu utabaki na jina baya na Bi Zuhura ataondoka na harusi yake. Nikasema kweli.

"Spreyi ya kwapa, yenye spiriti. Ya mwanangu. Niliikuta bafuni."

(Mara mbili tu. Haya, mara sita. Joto la Mombasa mnalijua!)

Muuza uturi mzima! Bi Zuhura alicheka mpaka akaomba kiti. Alipopata pumzi akasema, "Nifungie zote kumi na moja. Lakini kwenye nikahi, wewe ukae nyuma kabisa, karibu na dirisha."

Jamani, msinicheke. Mtoto nimemsomesha mwenyewe, na matokeo nimeyapokea kwapani.